Kusoma inakutesa tangu butoto? Namna ya kupimwa disleksi ukiwa mutu mukubwa

Disleksi ni shida ya kusoma na kuandika yenye inakuwaka na mutu tangu butoto. Mi nilipimwa nikiwa na miaka 36, baba ya batoto batatu, ninachunga depo ya bintu ya kujenga hapa Lubumbashi. Siku yenye nilikata shauri ni siku chofere wa kamiyo alisimama anangojea saini na mi niko paka ku mustari wa tatu ya bon (karatasi ya bintu yenye alileta), kidole chini ya neno, midomo inacheza sawa mutoto wa primeri. Kama uko unajiona humu, soma polepole, ao umwambie mutu akusomee.

Anza na Kiswahili. Bengi yetu tunasemaka "mi ni Kifaransa njo kilinishinda", na inawezekana ni kweli, juu kusoma mu luga yenye hamusemi nyumbani inaangusha ata mwenye hana disleksi. Sasa chukua ukurasa moja ya Biblia ya Kiswahili, soma kwa sauti, kisha mupe ndugu mwenye mulisoma naye mpaka darasa moja asome ile ile, mupime na saa ya telefone. Kiswahili kinaandikwa vile kinasemwa, kwa hiyo mutu mukubwa mwenye disleksi anaweza asikosee sana, lakini mwendo wake njo unamusema. Muke yangu alimaliza na dakika 2. Mi karibu 5, na alipouliza nimesoma nini nilikuwa nimesahau mwanzo.

Macho na masikio bakupime mbele, iyo haikawie.

Kisha tafuta butoto yako. Disleksi haianzi mutu akiwa na miaka 30, inakuwaka pale tangu mwanzo wa masomo, na mwenye kukupima atataka kuona. Buleteni za zamani, kaye za dikte, ao mama akuambie ulianza kusoma lini. Lakini kama ulikuwa unasoma muzuri na shida ilikuya kisha ajali ao kisha mwili kupooza upande, iyo ni mambo ingine, kimbia kwa munganga sasa hivi.

Mwenye kupima ni psikologu ao ortofonisti (mwenye kusaidia batu mu mambo ya kusema, kusoma na kuandika). Hapa Lubumbashi UNILU (iniversite ya Lubumbashi) iko na fakilte ya saikolojia na elimu, enda uulize pale nani anapima batu bakubwa. Mbele ya kulipa franka hata moja uliza maswali tatu: utanipima na Kiswahili pia? bei ni ngapi pamoja na raporo? raporo itanieleza ao itasema tu jina la shida? Mi mara ya kwanza nililipa mutu mwenye alinisomesha karatasi moja ya Kifaransa, dakika kumi, akasema "uko na stres". Nililia ku njia, sifichi.

Kipimo chenyewe hakina damu wala skaneri. Unasoma maneno, unaandika dikte, unarudilia namba kinyume, na unasoma maneno yenye haiko, sawa "tagimo" ao "bulafe". Hapo njo nilitoka jasho, juu maneno ya kweli nilizoea kuyabahatisha kwa sura yake, ya uongo hauna namna. Vipimo mingi ilitengenezwa kwa batu benye bamekomaa mu Kifaransa, kwa hiyo omba baandike mu raporo luga yenye ulikomaa nayo, usione haya kuikumbusha.

Dawa hakuna. Mwenye anakuuzisha dawa ya disleksi, toka kwake. Chenye kinasaidia ni kazi na ortofonisti kama unamupata, na kupanga maisha: telefone isome mesaji kwa sauti, vokali pahali pa kuandika, maandishi makubwa yenye nafasi. Ku kazi nilimwonyesha patro raporo, tulipatana bon inifikie magaribi, siku moja mbele ya kamiyo kufika. Kama patro wako anakataa, ujue kuko sheria 22/003 ya 3 mei 2022 juu ya haki za batu benye bulemavu, beba raporo na uliza mutu wa sheria kama inakuchunga.

Na uangalie batoto, juu disleksi inatembea mu familia. Wa pili wangu ako mu mwaka wa tatu na dikte inamuliza. Dimanshi tutaketi naye, ukurasa moja ya Kiswahili, na mi njo nitasoma wa kwanza.