Ukisoma uuguzi, chukua transkripti kila mwaka

Hili nimelipata kwa karani wa usajili hapa Kisumu, nikaona nisikae nalo. Unayesoma uuguzi, usingoje kumaliza: kila mwaka ukiisha, omba transkripti (orodha rasmi ya masomo na alama zako) yenye muhuri pamoja na muhtasari wa kila somo ulilofanya, uzipige picha na kujitumia kwa barua pepe. Muhtasari ndio wengi husahau, na ndio wenye kazi. Siku karo ikikwama, au ukigundua zamu za usiku haziwezekani kwako, ukataka kuhama, chuo kingine hakiwezi kupima anatomia yako kwa jina la somo na alama tu. Kinataka kuona ulifundishwa nini na kwa saa ngapi. Ukiwa nazo, unaweza kuomba masomo uliyofaulu yahesabiwe kwenye afya ya umma, ambayo Chuo Kikuu cha Maseno wanafundisha, au kwenye lishe, badala ya kuanza upya. Mfumo wa kitaifa wa sifa za masomo uliowekwa kisheria 2014 unatambua uhamishaji huo, ila mwenye uamuzi ni chuo kinachokupokea, na huenda kikakubali masomo mawili tu. Ukiwa na deni la karo pia utagonga mwamba, maana vyuo vingi huzuia transkripti mpaka ulipe. Basi iombe mara tu salio linapoisha. Na karatasi hizo si leseni: bila kusajiliwa na Baraza la Wauguzi la Kenya huruhusiwi kuhudumu kama muuguzi, hata kwenye kliniki ndogo ya Kondele.