Kumchora kwa rangi za mafuta msanii wa jukwaani mwenye mbwembwe

Wengi hukimbilia vazi. Manyoya, kofia, kila kinachong'aa, halafu wanaishia na picha ya nguo iliyovikwa mtu. Mimi huanza na mtu na giza linalomzunguka.

Hatua ya 1. Mtazame akiwa kazini. Nenda na kijitabu na penseli laini, uchore mikono, shingo na mabega tu. Mbwembwe zake zimekaa hapo. Picha za simu zisaidie kumbukumbu, lakini usizitegemee kwa rangi, kwa sababu chini ya taa kali hugeuza uso kuwa doa jeupe.

Hatua ya 2. Mwombe akukalie akiwa amevaa na kujipaka kila kitu, taa moja ukiiweka chini ya usawa wa kidevu. Edgar Degas alimchora hivyo mwimbaji mwenye glavu nyeusi, mnamo 1878: mwanga unapanda kutoka chini, mdomo uko wazi, unakaribia kuisikia sauti.

Hatua ya 3. Paka kanvasi nzima kahawia iliyozimuliwa kwa tapentaini. Ikikauka, panga sehemu za giza na za mwanga. Tabaka za chini ziwe na mafuta kidogo, mafuta ya kitani yaongezeke kadiri unavyopanda. Ukipindua mpangilio huo, rangi itapasuka baadaye.

Hatua ya 4. Uso. Tafuta pale poda inapokomea, chini ya taya. Juu yake kuna ngozi ya jukwaani, chini yake ngozi aliyozaliwa nayo. Usiulainishe mpaka huo. Wanja uchore kama wanja, wenye ukingo mkali, lakini macho yenyewe yape unyevu na uchovu wake wa kweli. Hapa natumia siku nyingi kuliko kwingine kote, na sijawahi kuzijutia.

Hatua ya 5. Sasa vazi. Fumba macho nusu, uone maumbo matatu: giza, kati, mwanga. Yapake hayo kwa rangi zilizofifia. Kinachong'aa hung'aa kwa sababu jirani yake amefifia. Mwaka 1889 John Singer Sargent alimchora mwigizaji Ellen Terry katika vazi la Lady Macbeth, mhusika wa tamthilia ya Shakespeare, lililoshonewa maganda ya mbawa za mbawakawa. Sogea karibu, utakuta mipigo ya kijani na bluu, hakuna ganda lililohesabiwa. Nukta nyeupe kabisa ziwe chache, zote upande wa taa. Wakati mmoja nilizitapanya gauni zima, likawa bapa kama karatasi. Nilikwangua kazi ya wiki kwa kisu.

Manyoya yapigwe kwa brashi kavu, ncha zake zikiyeyukia gizani.

Hatua ya 6. Geuzia kanvasi ukutani siku tatu. Ukiigeuza tena, jicho likatua kwenye vazi kabla ya uso, punguza mng'ao wa vazi. Uso usiuguse.