SOMO: Miti ya zamani ya epo nyumbani, usiikate yote siku moja

Wakuu habari. Nyie wa Lushoto, Njombe na kwingine kwenye baridi mliorithi miti ya epo ya wazee, umejifunga kama kichaka na matunda ni madogo kama ndimu, msiung'oe kwanza. Mimi wa kwangu niliuvamia na msumeno nikafyeka karibu nusu siku moja nikajiona fundi, mwaka uliofuata ukatoa fimbo tupu zimesimama wima kama fagio, epo hata moja sikuona. Hii kazi ni ya misimu mitatu jamani.

1. Subiri baridi na ukavu, huku Usambara ni mwezi wa 6 mpaka wa 8. Kwenye mvua usikate, kidonda kinaoza.

2. Matawi makavu na yenye ugonjwa toa yote. Af angalia yanayosuguana, toa moja. Ila mabichi usizidishe robo ya mti kwa mwaka. Tawi nene lichanje kwanza kwa chini ndo umalizie juu, la sivyo likidondoka linachuna gome mpaka kwenye shina. Pale linapoungana na shina pamevimba kidogo kama pete, hiyo pete usiiguse, na kisiki kirefu usiache, maana gome la kufunika kidonda linaanzia hapo. Lami na rangi hazina kazi. Na vile vijiti vifupi vyenye makunyanzi ambavyo mtu anaona ni uchafu ndo vinabeba epo, viache!!

3. Samadi iliyooza weka kuzunguka pale ncha za matawi zinapoishia, sio kurundika kwenye shina. Juu yake tandaza nyasi kavu.

4. Vitunda vikifika saizi ya gololi punguza, kila kichala bakiza kimoja au viwili. Inauma lakini fanya.

MASWALI

Swali: Mkuu wangu una vitu vyeupe kama pamba kwenye matawi, ni fangasi?
Jibu: Hapana, hao ni vidukari. Waminye uone, wanatoa rangi nyekundu kama damu. Sugua na brashi na maji ya sabuni, rudia kila wiki, na chimbua kidogo shinani maana wanajificha mpaka kwenye mizizi.

Swali: Maua kibao, matunda hamna. Ninao mmoja tu, aina ya Anna.
Jibu: Dada huo unataka mwenzie wa aina nyingine, Dorsett Golden inaendana nao kwa kuwa vinachanua pamoja. Kama eneo dogo bebesha (unganisha) tawi lake hapohapo juu ya Anna. Na ukiwa kwenye maua usipige dawa, utaua nyuki.

Swali: Shina la mti wa babu limetoboka, mkono unaingia. Nizibe na simenti?
Jibu: Usithubutu kaka, simenti inashika maji ndani. Uhai wa mti uko kwenye tabaka la nje chini ya gome, hilo tundu liache lilivyo, tawi zito la upande huo lipunguze taratibu na lingine lipigie nguzo. Wangu nao una tundu, kuna ndege kazalia humo.