Basari ya chuo kwa sisi wa jamii ndogo, fomu ijazwe hivi

Kama umetoka kwa Ogiek, Sengwer, Yaaku, El Molo, Waata, Aweer ama jamii nyingine ndogo hapa Kenya na umepata nafasi ya chuo, soma hii kabla hujaenda kuchukua fomu, maana wengi wetu tunakosa basari na shida tunayo, ni vile tu fomu ilijazwa.

HELB, yaani bodi ya serikali ya mikopo ya elimu ya juu, inatoa mkopo, utalipa ukimaliza masomo, lakini omba na ukumbuke inaombwa upya kila mwaka. Basari hairudishwi. Kuna ya CDF, mfuko wa maendeleo wa eneo bunge, kwa ofisi ya mbunge, kuna ya NGAAF, mfuko wa serikali wa kusaidia makundi yaliyoachwa nyuma, kwa mwakilishi wa wanawake, kaunti nyingi zimekuwa zikitoa kupitia wadi, na huko chuoni pia uliza ofisi ya maslahi ya wanafunzi. Omba zote, wakikuuliza kama umepata kwingine sema ukweli.

Karatasi zenyewe si siri: kopi ya kitambulisho chako na cha wazazi, barua ya kujiunga na chuo, karatasi ya karo, matokeo ya mwaka uliopita. Kama mzazi alifariki watataka cheti cha kifo, na hapo watu wa kwetu hukwama sana kwa sababu mzee alizikwa nyumbani na hakuna aliyeandikisha, sasa anza na chifu mapema, usingoje fomu zitoke.

Hapa sasa soma polepole. Kuna mahali pa kazi na mapato ya mzazi. Mdogo wangu mwaka wa kwanza aliandika "mkulima", kwa mama akaandika "hakuna", akanyimwa. Kamati ikisoma mkulima inaona mtu ako na shamba, kumbe sisi hata hati ya ardhi hatuna, tulitolewa msitu wa Mau tukabaki pembeni pembeni. Mwaka uliofuata tukakaa chini na baba tukahesabu kila kitu, mizinga, asali, bei aliyouza, watoto walio shule, tukaandika: "Baba ana mizinga 14, mwaka huu 5 tu ndiyo ilitoa asali. Hatuna shamba. Watoto 4 wako shule." Basi. Hakuna kulialia, na kila neno chifu anaweza kulithibitisha. Alipata.

Chifu naye nenda umwone mwenyewe, ama mzazi aende kama uko mbali. Ukituma fomu na bodaboda utarudishiwa sahihi na muhuri tu, na kamati inataka mtu anayejua boma lenu aseme kitu.

Kwenye maelezo taja jamii yako kwa jina, tafadhali usifiche. Najua wengine wetu tumezoea kujiandika kabila la majirani ili tusiulizwe maswali. Katiba ya 2010, kifungu cha 56, inaitaka serikali iweke mipango ya kuwapa walio wachache na waliotengwa nafasi maalum kwa elimu, na kifungu cha 260 kinapoeleza jamii iliyotengwa kinataja jamii asilia zinazoishi kwa kuwinda na kukusanya. Sisi Ogiek, Mahakama ya Afrika ya haki za binadamu pale Arusha ilishatutambua kama jamii asilia tarehe 26 Mei 2017. Andika hayo kwa sentensi moja au mbili, ni haki yako, huombi hisani ya mtu.

Kabla hujarudisha fomu piga kopi ya kila ukurasa, na uangalie namba yako ya usajili mara tatu. Pesa haziji kwako, zinaenda chuoni kwa hundi. Basari yangu ya mwaka wa pili ilienda na tarakimu moja imekosewa, ikakaa kwa akaunti semista nzima kama haina mwenyewe na mimi nazuiwa mtihani. Kwa hivyo majina yakitoka, piga picha ile orodha, uliza namba ya hundi na siku ilipotumwa, uende nayo ofisi ya fedha ya chuo mpaka uone karo yako imepungua. Na usichelewe, hundi ikipita miezi 6 benki haiikubali, itabidi iandikwe upya.