Unaenda kupima damu kesho? Anza kujiandaa leo usiku

Watu wengi wakiambiwa wakapime damu wanawaza sindano tu, usiku mzima akili iko kwenye sindano, wakati yenyewe inakaa mkononi dakika moja au mbili imeisha. Kinacholeta kero mara nyingi ni vitu vya kabla na vya baada. Mtu amekula wakati aliambiwa asile, au hajanywa maji tangu jana na mshipa umejificha, au ametoka pale kakunja mkono badala ya kukandamiza alafu jioni anashangaa mkono umekuwa wa zambarau. Huyo wa mwisho ni mimi, tutafika hapo.

Kwanza kabisa uliza kama kipimo chako kinataka tumbo tupu. Usikisie na wala usimsikilize jirani, maana yeye alipimwa kitu kingine. Sukari ile ya asubuhi kabla ya kula inataka angalau masaa 8 bila chakula. Mafuta kwenye damu, yaani kolestro na wenzake, sehemu nyingi wanataka masaa 9 mpaka 12, ingawa siku hizi kuna madaktari wanakipima hata kama umekula, ndo maana nakwambia uliza. Picha kamili ya damu, kundi la damu, HIV, na ile sukari ya wastani wa miezi mitatu wanayoiita HbA1c, hivyo havina haja ya kukaa na njaa kabisa. Kuna watu wanafika pale wanatetemeka kwa njaa kwa kipimo ambacho wangeweza kupimwa wametoka kula.

Kama umeambiwa usile, hesabu iko hivi: unapimwa saa 2 asubuhi, kula mara ya mwisho saa 2 usiku, hapo una masaa 12. Usijiongezee ukakaa masaa 18 ukidhani majibu yatakuwa mazuri zaidi, njaa ya kupitiliza nayo inaweza kuyavuruga. Na tumbo tupu maana yake ni maji matupu tu. Chai hata bila sukari hapana, kahawa hapana, juisi ndo kabisa, na chingamu na sigara pia weka pembeni mpaka utoke. Ukijisahau ukala, sema. Hakuna atakayekuchapa, watakupa siku nyingine au wataandika kwenye fomu kwamba ulikula, ni bora mara mia kuliko kuanzishiwa dawa ya sukari kwa sababu ya kikombe cha chai ulichokificha.

Maji sasa. Hapa ndo watu wanakosea sana kwa sababu wanasikia "usile" wanaacha na kunywa. Kunywa maji jana yake vizuri na asubuhi glasi moja au mbili (isipokuwa kama daktari amekupangia kiwango cha maji, wagonjwa wa figo na moyo mnajuana). Mshipa wa mtu aliyekunywa maji, mpimaji akiugusa kwa ncha ya kidole unadunda kidogo kama mpira laini, anajua hapahapa. Wa mtu aliyekaukiwa umelala, anapapasa, anapigapiga, anahamia mkono wa pili, na wewe unazidi kuogopa. Baridi nayo inaibana mishipa, kwahiyo vaa kitu cha joto ila chenye mikono inayopanda kirahisi.

Siku moja kabla acha pombe, inapandisha mafuta ya kwenye damu na inaweza kuvuruga vipimo vya ini. Acha na mazoezi mazito. Ukitoka kubeba vyuma jana jioni misuli inamwaga vimeng'enya kwenye damu, na baadhi yake ni vilevile vinavyopimwa kwenye ini, basi unaanza kutafutiwa ugonjwa wa ini wakati ulikuwa unatafuta kifua kipana.

Dawa usiache mwenyewe. Mwenye sukari anayetumia insulini au vidonge aulize mapema asubuhi hiyo afanyeje, kwa sababu dawa bila chakula sukari inaweza kushuka ghafla na hiyo ni hatari kuliko kuchelewa kupima. Ukipimwa kiwango cha dawa fulani mwilini, mara nyingi damu inatolewa kabla ya dozi inayofuata. Alafu kuna hivi virutubisho vya nywele na kucha, vingi vina bayotini (ni aina ya vitamini) kwa wingi, na bayotini inadanganya baadhi ya vipimo vya thairoidi, ile tezi ya shingoni, na hata vya moyo. Watu hawavitaji kwa sababu hawavihesabu kama dawa. Vitaje.

Ukifika kwenye kiti sema mambo yako kabla hawajafunga ule mpira mkononi: kama uliwahi kuzimia, kama unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, kama plasta au mipira inakuwasha. Uliyefanyiwa upasuaji wa titi na kutolewa tezi za kwapani, sema upande gani ili watumie mwingine. Mgonjwa wa figo mwenye mshipa uliotengenezwa mkononi kwa ajili ya kusafishwa damu kwa mashine, mkono ule haudungwi.

Kama wewe ni wa kuzimia omba ulale, usione aibu, mpimaji anapenda zaidi umwambie kuliko akudake njiani. Ukianza kusikia kijasho chembamba na masikio yanaziba, kaza misuli ya mapaja na tumbo kama sekunde 10 au 15, legeza, kaza tena, huku mkono unaotolewa damu umeuacha umelegea. Hiyo inasukuma presha irudi juu. Kukunja ngumi kidogo ni sawa ila usifungue na kufumba kama unakamua, inaweza kupandisha potasiamu kwenye kichupa ukaonekana una tatizo ambalo huna. Na wale wanaolalamika "wamenimaliza damu", vichupa vitatu vinne ni kama mililita 15 hivi, kijiko kimoja cha chakula, na mtu mzima ana lita kama 5.

Kabla hujanyanyuka angalia vichupa vimeandikwa jina lako na tarehe yako ya kuzaliwa. Sekunde tatu tu.

Sasa mkono. Mara ya kwanza nilipotolewa damu niliwekewa pamba, nikakunja kiwiko, nikatoka zangu huku nachati na mkono wa pili, najiona mjanja. Jioni pale kwenye kiwiko palikuwa na doa la zambarau kubwa kama kiganja cha mtoto, siku ya nne likawa la kijani, alafu njano, lilikaa karibu wiki mbili. Kumbe ukikunja, pamba inakaa tu katikati ya mkunjo haibani chochote, na ukija kukunjua tundu linafunguka damu inavilia chini ya ngozi. Namna yenyewe ni hii: nyoosha mkono, uinue kidogo, weka vidole viwili juu ya pamba na ukandamize kwelikweli dakika 3 mpaka 5, bila kuchungulia kila saa kama imeacha. Wa dawa za kuzuia damu kuganda kandamiza dakika 10. Usisugue.

Baada ya hapo kaa kidogo, kunywa maji, kula, na kama kichwa chepesi usiendeshe chombo chochote mpaka kitulie. Mkono huo usibebe kitu kizito kwa masaa kadhaa, na hapo namaanisha hata mtoto, hata begi. Plasta itoe baada ya masaa machache. Damu ikivilia weka kitu cha baridi kilichofungwa kwenye kitambaa dakika 10 hivi kwa siku ya kwanza, kesho yake cha uvuguvugu.

Kidonda kuuma kidogo ukigusa ni kawaida. Ambacho sio kawaida ni uvimbe unaozidi kukua, damu isiyokata baada ya kukandamiza ipasavyo, wekundu na joto linalopanda mkononi, usaha, homa, au ganzi na maumivu kama shoti ya umeme yanayoshuka mpaka vidoleni. Hiyo shoti ikikupata sindano ikiwa bado ndani, sema palepale waichomoe. Ikibaki baadaye, rudi ukaonwe siku hiyohiyo.

Na wakikupigia simu kwamba urudie kutolewa, usianze kuandika wosia. Mara nyingi sampuli imeganda kichupani, au chembechembe zimepasuka wakati wa kuvuta, au damu ilikuwa kidogo. Uliza tu kama safari hii unatakiwa kuja tumbo tupu.