Namna ya Kutengeneza Choo na Bafu kwa Mtu Mwenye Ulemavu Hapa Goma

Hapa Goma, kazi ya kumtengenezea choo mtu mwenye ulemavu huanzia nje ya mlango. Sehemu kubwa ya mji imekaa juu ya mawe meusi ya volkano ya Nyiragongo, ambayo mwaka 2002 yalitiririka moto hadi katikati ya mji, na anayechimba shimo hufika upesi mahali ambapo mtalimbo haupiti. Ndiyo maana vyoo vingi vimeinuliwa juu ya kuta za mawe, na mtu hupanda ngazi kadhaa kabla ya kufika kwenye tundu. Kwa mwenye miguu mizima ngazi hizo si kitu, lakini anayetembea kwa mikongojo au kwa kiti cha magurudumu huishia hapo chini. Kwa hiyo, kabla ya kununua chochote, ipiteni njia yote pamoja na mwenyewe atakayekitumia choo, kuanzia kitandani pake, mkipima kila mahali anapoyumba au anapoomba mkono.

Ngazi zibadilishwe kuwa njia ya mteremko. Kipimo kinachokubalika ni kwamba kila sentimita 1 ya kupanda inahitaji sentimita 12 za urefu, hivyo choo kilichoinuka sentimita 60 kinadai mita 7 na sentimita 20. Viwanja vyetu vingi havina nafasi hiyo kwa mstari mmoja. Basi njia ipinde, na kwenye kona pawe tambarare, mita 1.5 kwa 1.5, ili kiti kiweze kugeuka. Mawe ya kujazia hayakosekani, ila yana ncha kali, kwa hiyo yafunikwe vizuri kwa simenti, na pembeni pawe na ukingo wa kuzuia gurudumu lisitoke. Pasipokuwa na nafasi kabisa, naona ni heri kuweka ndani ya nyumba kiti chenye tundu na ndoo, nyuma ya pazia zito, kuliko kumjengea mtu mteremko mkali utakaomwangusha.

Mlango uwe na uwazi wa sentimita 80 kwa uchache, 90 ikiwezekana, na ufunguke kwa nje, kwa sababu mtu akianguka ndani mwili wake huuzuia mlango unaosukumwa. Komeo liwe la kuweza kufunguliwa hata kutoka nje.

Kuhusu chuma cha kushikilia, mama yangu mkubwa alinifundisha bila kusema neno. Kiharusi kilikuwa kimeudhoofisha upande wake wa kushoto, nasi tukakifunga chuma upande huo, tukidhani kwamba upande dhaifu ndio unaohitaji msaada. Baada ya majuma machache tuliona doa la jasho kwenye ukuta wa kulia, pana kama kiganja, kwenye kimo cha kiuno chake: hapo ndipo alipokuwa akijiinua kila siku kwa mkono wenye nguvu. Tulikihamisha siku ileile. Bomba la chuma lenye unene wa sentimita 3 hadi 4 linatosha, likiachana na ukuta kwa sentimita 4 hivi ili vidole vizunguke. Ukuta wa mbao au wa mabati hauwezi kubeba uzito wa mtu, kwa hiyo bomba lifungwe kwenye nguzo iliyosimikwa katika zege, na kabla ya mgonjwa kulitumia, mtu mzima mwenye mwili alining'inie kwa nguvu zake zote.

Juu ya tundu pawekwe kiti chenye kimo cha sentimita 45 hadi 50, ambacho hukaribiana na kimo cha kiti cha magurudumu, ili mtu ahame kwa kujisogeza bila kujiinua. Seremala anayechonga chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, anaujua mti wa mkaratusi na anaweza kukitengeneza, lakini mwambieni akilainishe kwa msasa mpaka kiganja kipite bila kukwaruzwa. Aliyeumia uti wa mgongo mara nyingi hahisi kibanzi kikimchoma. Kidonda huonekana siku nyingi baadaye, kikiwa kimekwisha kuchimba. Kwa sababu hiyohiyo, maji ya kuoga yatangulie baridi kwenye beseni, ndipo ya moto yaongezwe, na yapimwe kwa mkono unaohisi.

Sakafu ya bafu isisuguliwe ikang'aa. Simenti ikiwa bado mbichi, ipitishiwe ufagio mgumu ili iwe na mikwaruzo, nayo iinamie tundu la maji kwa sentimita 1 au 2 kwa kila mita. Bidoni, yaani dumu la maji, ya lita 20 haiinuliwi na mtu aliyekaa. Ifungwe robine, yaani koki ya maji, na kuwekwa juu ya meza imara, mkono uifikie bila kujinyoosha.

Mpangaji aongee na mwenye nyumba mapema, akimkumbusha kwa heshima kwamba tangu tarehe 3 Mei 2022 nchi yetu ya Kongo ina sheria ya kulinda haki za watu wenye ulemavu.

Jaribio la mwisho lifanywe usiku, umeme ukiwa umekatika. Mawe meusi hayaonekani gizani, kwa hiyo kingo za njia zipakwe chokaa nyeupe, na kwa asiyeona ifungwe kamba iliyokazwa kutoka mlango wa nyumba hadi mlango wa choo. Mwenyewe atangulie peke yake, nanyi mfuate nyuma hatua mbili, mkiwa kimya, na pale atakaposimama ndipo fundi arudi kesho asubuhi.