Kwenda kujitolea nje ya nchi ukitokea Kigoma au Tabora: anza na nani analipa

Ukitafuta mtandaoni nafasi ya kujitolea nje ya nchi, sehemu kubwa ya utakachokikuta hakikuandikwa kwa ajili yako. Ni matangazo ya kampuni zinazowaleta vijana wa Ulaya na Marekani huku kwetu, waje wafundishe Kiingereza au wapande miti, na vijana hao ndio wanaolipa, tena fedha nyingi kwa wiki chache. Aliyemaliza kidato cha sita Milambo au Kigoma Sekondari akijaza fomu hizo atadaiwa ada ileile, na tiketi na viza bado vitakuwa juu yake. Kinachokufaa ni programu za upande wa pili, ambazo mwenyeji, serikali yake au kanisa lake ndiye anayebeba gharama. Zipo, ni chache, na zina utaratibu wake.

Mahali pa kuomba

Njia pana zaidi kwa Mtanzania kwa sasa ni Ujerumani. Programu ya weltwärts, inayogharamiwa na wizara ya ushirikiano wa maendeleo ya nchi hiyo, ilianza 2008 kwa kupeleka Wajerumani nje, na tangu 2013 inapokea pia vijana wa nchi zinazoendelea. Kama una kati ya miaka 18 na 28 unaweza kuomba. Unapewa malazi, chakula au fedha yake, posho ya matumizi madogo, bima, tiketi ya kwenda na kurudi, na semina za siku 25 kwa mwaka. Ukifika unaingizwa katika huduma ya kujitolea ya serikali, ile inayoitwa Bundesfreiwilligendienst, iliyoanzishwa 2011. Huombi moja kwa moja Ujerumani. Unapitia shirika la Tanzania lenye mshirika kule, na orodha ya mashirika ya Kijerumani yanayoshiriki iko kwenye tovuti ya weltwärts yenyewe. Waandikie uwaulize mshirika wao wa Tanzania ni nani.

Watu wa mikoa yetu wana mlango mwingine ambao wengi hawaugongi, nao ni kanisa. Kanisa la Moravian Jimbo la Magharibi makao yake yapo Tabora, na Wamoravian wana mizizi Herrnhut, Ujerumani. Anglikana Dayosisi ya Western Tanganyika ipo Kasulu. Majimbo na dayosisi nyingi zina parokia rafiki Ulaya, na mara nyingine nafasi hutangazwa kwenye matangazo ya ibada tu, kisha hupita bila mwombaji. Nenda ofisi ya katibu mkuu au idara ya vijana, uliza kama kuna ubadilishanaji wa vijana na mwaka gani zamu yenu inafika. Kamati ya Wamenoni, MCC, nayo ina programu ya IVEP, karibu mwaka mzima Marekani au Kanada, kwa vijana Wakristo kutoka nje ya nchi hizo mbili.

AIESEC, shirika la kimataifa la vijana, hutoa nafasi za wiki 6 hadi 8, lakini ada na tiketi ni juu yako. Ni nzuri kwa mwenye mfadhili nyumbani. Mpango wa kujitolea wa Umoja wa Mataifa (UNV) una nafasi za vijana wa miaka 18 hadi 26, hautozi ada yoyote, lakini nafasi za kimataifa kwa mtu mwenye kidato cha sita pekee ni adimu. Jisajili, kisha endelea na mambo mengine. Mafunzo kwa vitendo Marekani kwa viza ya J-1 yanamtaka mtu anayesoma chuo au aliyehitimu ndani ya miezi 12, kwa hiyo aliyemaliza kidato cha sita hahusiki. Isitoshe masharti ya viza za Marekani kwa Watanzania yamekazwa, hivyo usilipe hata senti kabla ya kusoma tovuti ya ubalozi.

Kalenda

Hapa ndipo mipango mingi inapovunjikia. Mtihani wa kidato cha sita unaisha Mei. Ukichaguliwa JKT kwa mujibu wa sheria, iwe Bulombora, Mtabila au Msange, miezi inayofuata si yako. Programu za mwaka mzima huanza kati ya Julai na Septemba, na maombi yake hufungwa miezi mingi kabla. Kwa hiyo anayetaka kuondoka mwaka uleule aliomaliza shule amechelewa tayari. Ratiba inayowezekana ni hii: Septemba hadi Novemba unatuma maombi, Desemba hadi Februari kuna usaili, Januari hadi Mei unasoma lugha, Machi hadi Juni unashughulikia viza, kisha unaondoka. Ukirudi miezi 12 baadaye, utakuwa umechelewa chuo kwa miaka miwili. Waambie wazazi ukweli huo mwanzoni, kwa sababu wakiugundua katikati ndipo vikao vya ukoo vinapoanza.

Miezi ya kusubiri itumie kujitolea hapahapa. Msalaba Mwekundu, hospitali ya Maweni au Kitete, klabu ya Roots & Shoots, zahanati ya kata, kituo cha watoto: kokote watakakokupa barua yenye mhuri, tarehe na saa ulizofanya kazi. Aliyesomea Chuo cha Ufugaji Nyuki Tabora au chuo cha uvuvi Kigoma tayari ana ujuzi ambao shamba la kilimo hai au kituo cha mazingira kitaupenda. Auandike juu kabisa kwenye wasifu wake.

Nyaraka: anza leo, hata kabla ya kupata programu

Weka mezani cheti cha kuzaliwa, kitambulisho au namba ya NIDA, na cheti cha kidato cha nne. Soma jina lako herufi kwa herufi kwenye kila kimoja. Rashidi mwenye i mwishoni na Rashid asiyekuwa nayo ni watu wawili mbele ya ofisa wa viza. Jina la kati lililofupishwa kuwa herufi moja, tarehe ya kuzaliwa iliyogeuzwa siku na mwezi, jina la babu lililopo NIDA lakini halipo kwenye cheti cha shule, yote haya hukwamisha safari. Tofauti ndogo hutatuliwa kwa kiapo mbele ya wakili au hakimu. Tofauti kubwa inadai hati ya kubadili jina iliyosajiliwa, au marekebisho RITA (wakala wa usajili wa vizazi) na NIDA. Rekebisha kabla ya pasipoti, kwa sababu pasipoti itabeba kosa kwa miaka 10.

Kama huna cheti cha kuzaliwa, maombi ya RITA hufanyika ofisi ya Mkuu wa Wilaya au mtandaoni. Pasipoti huombwa kwenye tovuti ya Uhamiaji. Unajaza fomu, unapata namba ya malipo, unalipa 20,000 ya fomu, kisha 130,000, jumla shilingi 150,000, halafu unapeleka nakala na alama za vidole ofisi ya Uhamiaji ya mkoa. Utatakiwa kuwa na cheti chako cha kuzaliwa, cheti au kiapo cha kuzaliwa cha mzazi, namba ya NIDA, picha, na ushahidi wa sababu ya safari. Barua ya mwaliko ya shirika inatosha kwa hilo la mwisho. Kigoma ni mkoa wa mpakani, kwa hiyo tegemea maswali ya uraia kwa kina: wazazi walizaliwa wapi, babu alizikwa wapi, shule ya msingi ulisoma kijiji gani. Nenda na vyeti vya wazazi na barua ya serikali ya mtaa au kijiji mkononi. Usikasirike, na usimpe mtu wa katikati hela ili akufupishie njia.

Hati ya tabia njema ya polisi huombwa kwenye mfumo wa mtandaoni wa Jeshi la Polisi, na utahitaji kuchukuliwa alama za vidole. Iombe karibu na wakati wa viza, maana wenyeji wengi hawapokei iliyokaa muda mrefu.

Lugha

Kwa Ujerumani lenga kiwango cha A1, yaani ngazi ya kwanza ya Kijerumani, kabla ya kuondoka, A2 inayofuata ukiweza. Goethe-Institut wanakadiria vipindi 80 hadi 200 vya dakika 45 kufika A1. Kituo chao kipo Upanga, Dar es Salaam, na mtihani unafanyika huko. Masomo yenyewe unaweza kuyafanya ukiwa Kasulu au Nzega kwa kozi za bure za Deutsche Welle kwenye simu, saa moja na nusu kila siku kwa miezi minne. Mtihani una kusikiliza, kusoma, kuandika na kuzungumza, na kufaulu ni alama 60 kati ya 100. Wanaojifunza peke yao huangushwa na kusikiliza na kuzungumza, kwa hiyo tafuta Mjerumani anayejitolea mkoani kwako, mbadilishane: saa moja Kiswahili, saa moja Kijerumani.

Barua ya maombi na usaili

Usiandike kwamba unataka “kusaidia jamii” ukaishia hapo. Nafasi nyingi kule ni vituo vya wazee, shule za chekechea, makazi ya watu wenye ulemavu, mashamba ya kilimo hai. Andika umelea nani, umepika kwa ajili ya wangapi, umesimamia nini. Msichana aliyemuuguza bibi yake mwaka mzima, akimgeuza kitandani na kumlisha, ana sifa ambayo wenye vyeti vizuri hawana, lakini mara nyingi haitaji kwa sababu anaiona ni kazi ya nyumbani tu. Kurasa mbili zinatosha.

Uliza nawe kwenye usaili. Zamu ya asubuhi kwenye kituo cha wazee huanza mapema, na Januari saa hizo ni giza na baridi chini ya sifuri. Unamwosha mzee, unambadilisha nepi, unampa kifungua kinywa, unaandika ripoti fupi kwa Kijerumani. Ni saa 38 au 39 kwa wiki. Chakula cha jioni mara nyingi ni mkate na jibini, bila kupikwa. Uliza nguo za baridi ananunua nani, chumba ni cha peke yako au cha kushiriki, na kutoka chumbani hadi kazini ni usafiri gani. Posho ni ya matumizi yako. Anayeahidi nyumbani kwamba atatuma hela kila mwezi anajifunga kitanzi.

Mkataba, na dalili za utapeli

Mkataba wa kweli unataja jina kamili na anwani ya mahali pa kazi, saa kwa wiki, posho, malazi, bima, tiketi, likizo, na mtu wa kumpigia ukipata shida. Kikikosekana kimoja, uliza kwa maandishi. Kisha tafuta kituo hicho mwenyewe, uwaandikie kwa barua pepe iliyo kwenye tovuti yao, siyo ile uliyopewa na wakala, uulize kama wanakutambua.

Achana na yeyote anayetaka ada ya “kuhifadhi nafasi” kwa namba ya simu ya mtu binafsi, anayekupa viza ya utalii kwa kazi ya mwaka, anayetaka kukaa na pasipoti yako, au asiyekufanyia usaili wowote. Mwaka 2024 shirika la habari la AP liliripoti kuhusu wasichana wa Kiafrika wa miaka 18 hadi 22 walioitikia matangazo ya mitandaoni ya kazi na masomo nchini Urusi, eneo la Alabuga, wakajikuta wanaunganisha droni za kijeshi. Tangazo lenye umri finyu, jinsia moja na kazi isiyoelezwa ni la kuogopa.

Viza na safari ya Dar

Kigoma kuna konsula za Burundi na Kongo. Kwa Ulaya safari ni Dar. Ubalozi wa Ujerumani upo Umoja House. Viza ya muda mrefu ni euro 75 isipokuwa programu ikusamehe, na majibu yanaweza kuchukua wiki kadhaa hadi miezi mitatu. Uingereza kwa kujitolea ni viza ya wafanyakazi wa hisani, isiyozidi miezi 12. Inataka cheti cha udhamini kutoka kwa mwenyeji, pauni 1,270 zilizokaa benki siku 28 kama mwenyeji hajakudhamini matunzo, na kipimo cha kifua kikuu ukikaa zaidi ya miezi sita.

Usipange kufika Dar siku ya miadi. Treni ya reli ya zamani huweza kukatika masika, hasa kipande cha Kilosa hadi Gulwe. Basi hadi Dodoma kisha treni ya SGR ni njia ya uhakika zaidi. Fika siku mbili kabla, ukiwa na nakala mbili za kila hati. Ofisa atakuuliza utarudi kufanya nini. Jibu kwa jambo la kweli na mahususi: kozi na chuo unachotaka, au kazi iliyokungoja.

Chuo na mkopo, kabla hujaondoka

Kama ulishapata udahili, andika barua kwa ofisi ya usajili ya chuo uulize masharti ya kuahirisha. Vyuo vingi hutaka uwe umesajiliwa kwanza. Kama hukupata au hukukubaliwa kuahirisha, utaomba upya dirisha likifunguliwa ukiwa bado nje, kwa intaneti, na mtu wa nyumbani atalipia kwa namba ya malipo. Mkopo wa HESLB (Bodi ya Mikopo ya elimu ya juu) ni mgumu zaidi ukiwa mbali, kwa sababu fomu inataka saini za serikali ya mtaa au kijiji, mdhamini na wakili. Mwachie mzazi au kaka bahasha yenye nakala zilizothibitishwa za vyeti vyote, namba yako ya mtihani, vyeti vya kuzaliwa vya wazazi na namba ya RITA ya kuhakiki vyeti hivyo, na mkubaliane nani atakwenda steshenari kuchapisha fomu, nani ataizungusha kwa saini, na lini atakutumia ukurasa wako uusaini na kuurudisha.